Shimo la Tatu

Huko Piauí, nyika ya Brazili yenye miiba,
kuna mnyama wa magamba aitwaye tatu.
Si hesabu. Ni jina lake.
Ila usiku ule waliomchimba walikuwa watatu:
Deusdete, shemejiye Evilásio, na kijana Josivan,
na mbwa Pipoca, mwenye pua yenye akili kuwashinda wote.

Pipoca alinusa mdomo wa shimo, akalia.
Deusdete akaingiza kichwa, mabega, kiuno,
miguu tu ikabaki nje kama mpini wa jembe.
Vumbi la humo lilikuwa kavu, jepesi,
lina harufu ya chungu kilichosahauliwa.
Akalivuta. Nani huomba ruhusa ya kuvuta pumzi?

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga.
Hawakusema kwamba mara nyingine
kisima ndicho kinachomwingia mchimbaji.

Wiki ya pili, homa. Kisha kikohozi
kilichomkunja kama kisu cha mfukoni.
Mbwa alitangulia kufa, akikohoa kama mtu.
Zahanati wakasema: kifua kikuu.
Miezi sita ya vidonge, mkojo rangi ya chungwa,
kifua kikabaki kikuu, mwenyewe akazidi kuwa mdogo.

Habari za shimo hakuzitaja. Kuwinda tatu ni kosa,
na faini, aliambiwa, ingemeza msimu mzima wa korosho.
Akasema: nililala kwenye upepo.
Mkewe Socorro akatazama sakafu.

Teresina wakataka kipande cha pafu.
Sindano ndefu ikapita kati ya mbavu mbili,
ikarudi na damu, na jibu "haijulikani",
hewa ikavuja mahali isipotakiwa,
akalala siku nne na mrija ubavuni.
Alipoinuka aliapa kwa jina la mamake:
chuma hakitaniingia tena.

Ndipo akaja Lindalva wa maabara
na barakoa ya plastiki, na mashine
isiyozidi ukubwa wa jiko la mkaa.
"Haya bado ni majaribio, sitaki kukudanganya.
Sikuchomi popote. Pumua tu."
"Nipumue vipi?"
"Kama mtu asiyetazamwa."

Dakika kumi. Jaribu wewe
kupumua dakika kumi huku ukijua unapumua.
Kila chenye uhai kina harufu, alieleza,
na kuvu nayo i hai: inakula, inanuka,
jasho lake hupanda na pumzi ya mwenye nyumba.
Mashine kazi yake kunusa.

Deusdete akafumba macho. Akamwona Pipoca
ameinamisha pua mdomoni mwa shimo,
na shimo ni yeye.
Humo ndani kitu kimejikunja, gamba juu ya gamba,
kinasikiliza.

Lugha hii ninayoiandikia ina neno moja, ukungu:
ule wa vilimani alfajiri,
ule uotao kwenye mkate wa juzi,
na huu uliopanda sasa ndani ya barakoa,
ukaja, ukaondoka, ukaja.
Sikulitunga mimi. Nimelikuta linajua tayari.

Kwenye kioo mstari ulitambaa, ukachongoka
pale Lindalva alipotumaini, na kuogopa, ungechongoka.
Hakushangilia. Akauliza kwa sauti ya chini,
"Deusdete, uliwahi kuchimba?"

Feni ya dari ilizunguka, ikazunguka.
Angeweza kusema: upepo.
Lakini alikwisha sema, dakika kumi nzima, bila ulimi.
"Tulikuwa watatu," akajibu.
"Waiteni na wale wawili. Nao wanakohoa."

Damu wangeipima kesho, kuhakikisha.
Dawa ingekuwa nyingine, na ndefu.
Jioni Socorro alimkuta kwenye benchi la nje,
mkono ubavuni, juu ya kovu.
"Safari hii wamekutoa nini?"
"Pumzi."
"Wamekurudishia?"
Akafikiri.
"Wamebaki nayo kidogo."